Mzigo umenunuliwa, mkataba hausemi kitu: dhana potofu za wafanyabiashara

Wafanyabiashara wengi Tanzania huuziana mzigo kwa simu na risiti ya mistari mitatu. Wakigombana, kila mmoja hushikilia kwamba lisiloandikwa halipo. Sivyo. Sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata ile ya Uingereza ya 1893, hujaza walichokiacha wazi.

“Mzigo haujatoka stoo, bado ni wa muuzaji.”
Hii ndiyo inayofilisi watu. Umechagua magunia 50 ya mahindi, yamepimwa, yametengwa, bei mmepatana, utalipa Ijumaa. Kama hamkukubaliana vingine, umiliki umehama hapo hapo, na hatari huandamana nao. Stoo ikiungua usiku huo, hasara ni yako na deni liko palepale. Ni tofauti kama magunia yako hayajatengwa kwenye lundo, au kama makabidhiano yamechelewa kwa kosa la muuzaji. Kwa hiyo andikeni hatari inahama lini, hata kwa sentensi moja.

“Mali ikishauzwa hairudishwi.”
Maneno haya yamejaa kwenye vitabu vya risiti. Lakini ukimweleza muuza pampu kazi unayoitakia, ukategemea ujuzi wake, sheria inamtaka akupe inayoifaa kazi hiyo. Mnaweza kuiondoa kinga hii kwa kupatana waziwazi. Sentensi unayoisoma kwa mara ya kwanza baada ya kulipa si mapatano. Angalia tu: ukiagiza kwa jina la chapa, kinga ya kufaa kwa kazi yako huanguka. Ukiukagua mzigo, usilalamikie kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Na usikae kimya. Ukiushikilia kupita muda unaofaa bila kusema kwamba umeukataa, kisheria umeukubali. Kilichobaki ni kudai fidia.

“Kuleta mzigo ni juu ya muuzaji.”
Msipopatana, makabidhiano ni mahali pake pa biashara. Usafiri ni wako.

“Bei haikutajwa, basi hakuna mkataba.”
Upo. Mnunuzi atalipa bei inayofaa kulingana na mazingira.

“Makubaliano ya mdomo hayana nguvu.”
Hapa kuna nusu ya ukweli. Kwa mauzo ya kuanzia shilingi 200, yaani karibu yote ya leo, sheria hiyo inataka maandishi yenye sahihi ya anayeshitakiwa ndipo ushitaki. Lakini mnunuzi akishapokea sehemu ya mzigo, au akatoa arubuni (malipo ya kutangulia), mdomo unatosha.