Je, wajua? Viumbe wa angani wakitua kwa watu wa shoka za mawe, amani inaanzia kwenye nazi

Juzi usiku hapa Mikindani umeme ulikatika, tukatoka barazani kupunga upepo, nyota zimejaa mpaka unahisi zitadondokea ghubani, mpwa wangu wa darasa la sita akaniuliza, "Mjomba, hivi viumbe wa angani wangetua Msimbati zile enzi watu wana shoka za mawe tu, si wangeuana?" Nilitaka nimwambie akalale. Ila swali lina jibu, tena la kweli, maana wageni wenye mitambo kukutana na watu wasio na mitambo kumeshatokea sana hapahapa duniani, na mara chache mno kumetokea bila damu. Hizo mara chache ndo za kuangalia.

Kwanza weka pembeni mambo ya redio. Mwaka 1974 wanasayansi walitumia mtambo mkubwa wa Arecibo kule Puerto Rico kurusha ujumbe kwenye kundi la nyota linaloitwa M13, safari ya miaka kama 25,000 kwa mwendo wa mwanga. Ujumbe wenyewe alama 1,679, kwa sababu 23 mara 73 ndo inaleta hiyo namba, ukizipanga hivyo unapata picha. Ujanja mzuri kabisa, lakini kwa mtu mwenye redio. Yule wa Isimila kule Iringa, aliyekuwa anachonga shoka za mawe ambazo mpaka leo watalii wanaenda kuziangalia, ungemrushia alama zako mwaka mzima na yeye anachuna ngozi ya mnyama wake tu. Kwa huyo lazima uje mwenyewe na akuone, na hapo ndo shughuli inapoanza.

Sasa mwaka huohuo 1974, kwenye bahari hii hii yetu ya Hindi ila upande wa pili kabisa, boti ya wataalamu na watu wa kamera ilikwenda kisiwa cha Sentinel ya Kaskazini, visiwa vya Andaman, vinavyotawaliwa na India. Watu wa kisiwa hicho hawataki mgeni, na wana sababu. Mwaka 1880 ofisa Mwingereza anaitwa Portman aliingia huko na watu wake akabeba wazee wawili, mume na mke, na watoto wanne, akawapeleka mjini Port Blair, wakaugua, wale wazee wakafa, watoto akawarudisha na zawadi. Zawadi! Basi hawa wa 1974 nao wakaja na zawadi zao, sufuria, nazi, mdoli, na nguruwe hai amefungwa kamba, wakaziacha ufukweni. Mishale ikaja, mmoja ukampata paja mwongozaji wa filamu. Nguruwe akachomwa mkuki akafukiwa mchangani, mdoli naye akafukiwa. Sufuria na nazi wakachukua.

Ona hapo, hawakukataa kila kitu, walichagua. (Kuna watu wanapenda kuwaita "zama za mawe", si kweli, kuna meli ilikwama kwenye miamba yao mwaka 1981 na chuma chake wanakitumia vizuri tu.)

Wahindi wakaendelea kwenda na kurudi, na tarehe 4 Januari 1991 wakaja tena, safari hii timu ina mwanamke, mtaalamu wa anthropolojia anaitwa Madhumala Chattopadhyay. Mwanzoni hawakushuka. Walikaa botini, wakawa wanadondosha nazi majini moja moja, zinaelea zenyewe kuelekea pwani, na wenyeji wakaingia majini kuzikusanya. Zikiisha boti inarudi kuleta nyingine. Katikati ya hayo kijana mmoja akavuta upinde akamlenga yule mama, na mwanamke wa kisiwani aliyekuwa karibu akamsukuma yule kijana, mshale ukaangukia majini. Mwezi uliofuata timu ilivyorudi, wenyeji walipanda mpaka ndani ya boti kujichukulia nazi wenyewe.

Mimi nimezaliwa kwenye minazi, nikajiuliza sana kwa nini nazi na sio kitu cha ajabu zaidi. Kisiwa chao hakina minazi, hiyo moja. Pili, nazi huna haja ya kumwelekeza mtu, akiipata mkononi anajua afanye nini. Lakini kubwa kuliko yote, na hili mtoto yeyote wa Mikindani anajua, nazi inaelea. Maana yake mtoaji habanduki alipo, mpokeaji haji mpaka atake mwenyewe, na katikati kuna maji ambayo hayana mwenyewe. Ni hodi ile! Kwetu unasimama nje ya uwanja, hodi, hodi, hodi, ukikosa jibu mara ya tatu unaondoka, hata kama unasikia watu wanatwanga ndani.

Na si mambo ya jana. Mgiriki Herodoto, karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika habari za wafanyabiashara wa Karthago, mji wa kale kaskazini mwa Afrika, waliokuwa wanafika pwani moja ya Afrika, wanapanga bidhaa ufukweni, wanarudi melini, wanafukiza moshi. Wenyeji wakiona moshi wanakuja, wanaweka dhahabu, wanarudi nyuma. Wa meli wanashuka kuangalia, ikitosha wanabeba na kuondoka, isipotosha wanarudi kukaa melini mpaka iongezwe. Hawaongei neno, na kwa maelezo yake hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Leo na simu zetu na risiti mtu anakupunja korosho kwenye mizani unamwangalia.

Ila amani ya siku ya kwanza haimaanishi mambo yatakuwa salama. Mwaka 1930 Waaustralia wawili, Leahy na Dwyer, walipanda milima ya Papua Guinea Mpya kutafuta dhahabu wakakuta mabonde yamejaa watu wanalima kwa zana za mawe, na dunia haina habari nao. Wenyeji wengi walidhani hawa weupe ni mizimu ya wazee wao imerudi, mpaka wengine wakaenda kuchungulia walikojisaidia, wakaona aa, kumbe watu. Baadaye ndege zikawa zinaleta makombe ya baharini, ambayo kule juu yalikuwa mali ya kuolea mke, wakalipwa kwa makombe mpaka thamani yake ikaporomoka. Na bunduki zilitumika pia, tusidanganyane.

Halafu maradhi. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, kumbe wale wazee wa 1880 mgeni alikuja na mwenyeji akafa. Vijidudu vya sayari nyingine pengine visiufahamu kabisa mwili wetu, ila hakuna anayependa kujaribu, ndo maana watu wa Apollo 11 walivyorudi kutoka mwezini mwaka 1969 walifungiwa siku 21. Na chombo cha Cassini mwaka 2017 kilitumbukizwa makusudi ndani ya sayari ya Zohali kikaungua, ili kisije kuangukia miezi yake na kuichafua kama kuna kitu kinaishi. India nayo iliacha zile safari za nazi miaka ya 1990, sasa kukisogelea kile kisiwa ni kosa. Baada ya tsunami ya 2004 walituma helikopta kuangalia kama watu wamepona, akatoka mtu mmoja akailenga kwa mshale. Wamepona.

Mpwa wangu akauliza na sisi tumempigia hodi nani huko juu. Nikamwambia kuna vyombo viwili, Voyager, vilirushwa 1977, kila kimoja kina santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55, Kinyanja kimo, Kiluganda kimo, Kiswahili hakimo. Akanuna. Nikamwambia lakini kuna wimbo wa unyago wa wasichana wa msitu wa Ituri, Kongo, unaelea huko sasa hivi.

Bibi yetu, aliyekuwa kungwi miaka na miaka, alikuwa kimya muda wote kwenye mkeka wake. Akainuka. "Wa unyago? Wanaume wakausikia? Nani aliwapa ruhusa?"