Pasentaili si asilimia: namba iliyo kwenye majibu ya mtoto anayesomea nyumbani

Mama mmoja Mtanzania anayeishi jimbo la New York alinitumia picha ya majibu ya mwanawe wa darasa la 5, ambaye anamsomesha mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Chini ya picha aliandika: "Dada, hesabu 58, kusoma 41. Mtoto kafeli huyu?"

Hakufeli. Zile namba si maksi.

Zinaitwa pasentaili, na jina ndilo linalotuponza kwa sababu linafanana na pasenti. Turudi nyumbani kidogo. Mtoto akija na ripoti, mzazi huuliza maswali mawili: umepata ngapi, na umekuwa wa ngapi? Asilimia hujibu la kwanza. Pasentaili hujibu la pili, ila huhesabu kutoka mkiani. Hesabu 58 maana yake ni kwamba kati ya kila watoto 100 wa darasa lake, kijana amewaacha nyuma kama 58. Hamsini ni katikati kabisa. Mwisho wa juu ni 99. Hakuna 100, maana hakuna anayejipita mwenyewe. Ni maswali mangapi aliyopata, namba hiyo haisemi. Mtihani ukiwa mgumu, mtoto anaweza kupata nusu tu ya maswali na bado akawapita wengi.

Sasa, mtoto anayesoma peke yake jikoni amempita nani? Watunzi wa mitihani kama Iowa, Stanford au California Achievement Test kwanza huwapa mtihani wao watoto maelfu kutoka sehemu mbalimbali za Marekani. Hao ndio kundi la kulinganishia. Mwanao anawekwa kwenye foleni yao, ya darasa lake na ya msimu uleule wa mwaka, kwa kuwa mwanafunzi wa Mei ana miezi mingi ya masomo kumzidi wa Septemba. Ukimpa mtihani majira ya kuchipua halafu asahihishwe kwa foleni ya vuli, ile ya Septemba, atapanda bila kustahili.

Kuhusu sheria, kila jimbo lina lake. Texas haidai mtihani wowote. Georgia inadai kila baada ya miaka 3, lakini majibu unabaki nayo mwenyewe. Pennsylvania inataka mtihani darasa la 3, la 5 na la 8, pamoja na jalada la kazi za mtoto ambalo hukaguliwa na mtathmini. New York ndiyo yenye mkono mzito: taarifa 4 kwa mwaka, na tathmini ya mwisho. Darasa la 1 hadi la 3 unaweza kuleta maelezo ya maandishi badala ya mtihani. La 4 hadi la 8 mtihani ni angalau mwaka mmoja ndiyo, mmoja hapana. Kuanzia la 9 ni kila mwaka. Jumla ya mtihani, yaani namba moja ya masomo yote kwa pamoja, inatakiwa iwe juu ya pasentaili 33. Si 33 yenyewe, ni juu yake. Asipofika, masomo ya nyumbani huwekwa chini ya uangalizi, kwa muda usiozidi miaka 2.

Hiyo jumla ina mstari wake kwenye karatasi. Usichukue 58 na 41 ukazijumlisha na kugawa kwa mbili, kwani pasentaili hazina hatua zinazolingana. Katikati watoto wamebanana kama abiria wa daladala ya jioni: swali moja au mawili tu ya ziada na umewapita watu kumi. Pembeni kuna nafasi, na huko kupanda namba tatu ni jasho. Ndiyo maana mimi sishtuki mtoto akitoka 54 kwenda 48. Huenda siku ile hakulala vizuri.

Ninaloliona likiwaumiza wazazi zaidi ni hili: mwaka jana 50, mwaka huu 50, na mama analia kwamba mtoto hajasogea. Amesogea! Foleni yote imetembea mwaka mzima, naye ametembea nayo sambamba. Aliyesimama kweli angejikuta ameshuka.

Kuna safu nyingine inayodanganya kwa upande wa furaha, ile ya kiwango cha darasa. Mtoto wa darasa la 5 akiandikiwa 8.3, haina maana ahamie la 8. Ina maana mtihani huohuo wa darasa la 5 angepewa mtoto wa kawaida wa darasa la 8, aliye mwezi wa tatu wa mwaka wa masomo, angepata maksi kama zake. Yale ya darasa la 8 ambayo mtoto hajafundishwa, bado hajafundishwa.

Kwa familia zetu, ile 41 ya kusoma nayo ina lake. Kijana anaota kwa Kiswahili, ila mtihani ni wa Kiingereza. Kwa hiyo namba inapima usomaji na lugha kwa pamoja, na haitenganishi kipi ni kipi. Msikilize akisoma kwa sauti ukurasa mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kiingereza; utajua zaidi kuliko karatasi.

Nilimjibu yule mama aangalie mstari wa jumla, kisha aitafute karatasi ya mwaka jana. New York hukubali pia jumla isiyovuka 33 ikiwa alama zinaonyesha mtoto amekua mwaka mzima wa masomo tangu mtihani uliopita. Lakini kukua huko huonekana karatasi mbili zikiwekwa pamoja, na ya kwake ya mwaka jana ilikuwa imeshaenda na takataka.