Kutoa ujumbe kwenye foleni ya miamala: yanayoaminika na ukweli wake

Katika mifumo iliyosambazwa, yaani programu zinazofanya kazi pamoja kwenye kompyuta tofauti, programu moja huweka ujumbe kwenye foleni na nyingine, tuiite msomaji, huuchukua na kuufanyia kazi. Muamala, yaani kundi la hatua zinazothibitishwa zote pamoja au kubatilishwa zote kana kwamba hazikufanyika, unalinda hatua hiyo, lakini wengi huutegemea kwa mambo ambayo haukuahidi. Hapo ndipo mteja anapokatwa pesa mara mbili, au oda inapopotea bila alama yoyote kwenye kumbukumbu za mfumo.

Dhana: Amri ya kutoa ikishaitwa, ujumbe umeondoka.

Ukweli: umeshikwa tu. Unaondoka pale muamala unapothibitishwa. Ukibatilishwa, ujumbe unarudi. Amazon SQS, huduma ya foleni ya Amazon, ni mfano mzuri ingawa haitumii muamala: kuupokea ujumbe kunauficha kwa sekunde 30 usipobadilisha mpangilio huo, na kikomo ni saa 12. Muda ukiisha kabla hujaufuta, msomaji mwingine anaweza kuupata. Kwa Kafka, mfumo unaohifadhi ujumbe kama daftari la kumbukumbu, hata kuthibitisha hakuondoi kitu. Kinachosogea ni alama ya mahali msomaji alipofika, na ujumbe wenyewe hubaki hadi muda wa kuhifadhi uishe, ambao kwa kawaida ni siku 7.

Dhana: Kwa kuwa kuna muamala, kila ujumbe utashughulikiwa mara moja tu.

Hii ndiyo inayoleta hasara kubwa kuliko zote. Muamala unalinda yaliyo ndani yake basi. Foleni na data zako zikiwa kwenye hifadhidata moja, uko salama: vyote vinathibitishwa pamoja au vyote vinabatilishwa. Lakini barua pepe iliyokwisha kutumwa hairudi.

Fuata hatua moja moja. Msomaji anatoa ujumbe, anaita huduma ya malipo, pesa zinakatwa, kisha seva inazimika kabla ya kuthibitisha. Muamala unabatilishwa, ujumbe unarudi kwenye foleni, msomaji mwingine anaukuta na kukata pesa tena. Ukigeuza mpangilio, yaani uthibitishe kwanza ndipo ukate pesa, seva ikizimika katikati malipo hayafanyiki kabisa na hakuna ujumbe wa kukukumbusha. Itifaki ya kuthibitisha kwa awamu mbili, ambapo mratibu huuliza kila upande kama uko tayari kabla wote hawajathibitisha, ipo, na kiwango chake cha XA kilichapishwa tangu 1991, lakini inataka kila upande ushiriki, na mratibu akianguka wakati mbaya, washiriki wanabaki wamefunga data zao, wengine wasiziguse, wakimsubiri. Huduma za malipo za nje kwa kawaida hazishiriki. Hata ahadi ya “mara moja kamili” iliyoingia Kafka katika toleo la 0.11 mwaka 2017 inahusu kazi inayosoma kutoka Kafka na kuandika Kafka.

Kinachosaidia ni kuifanya kazi yenyewe isiharibike ikirudiwa. Kila ujumbe upewe namba ya kipekee; namba hiyo iandikwe kwenye jedwali lisiloruhusu marudio, ndani ya muamala ule ule wa kazi; na huduma ya malipo ipewe namba hiyo hiyo, kama inaweza kutambua maombi yaliyorudiwa. Namba itengenezwe na anayeweka ujumbe. Msomaji akitengeneza mpya kila anapojaribu, kinga yote imekufa.

Dhana: Ukiongeza wasomaji, mpangilio wa ujumbe haubadiliki.

Mpangilio mkali na kasi ya wasomaji wengi vinavutana. Azure Service Fabric, jukwaa la Microsoft la kuendesha programu, inazo foleni mbili kwa sababu hiyo: ReliableQueue inafuata mpangilio na kuwasubirisha wengine wakati muamala mmoja unatoa, na ReliableConcurrentQueue inawaruhusu wengi lakini inalegeza mpangilio. Hifadhidata ya PostgreSQL, tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, ina SKIP LOCKED inayoruka safu (mistari ya jedwali) zilizofungwa na wasomaji wengine. Ni nzuri sana, ila ujumbe wa tano unaweza kukamilika kabla ya wa kwanza.

Dhana: Ujumbe ukishindikana, rudisha tu ujaribiwe tena.

Ujumbe wenye kasoro utarudi mbele ya foleni milele na kuwazuia walio nyuma yake. Hesabu majaribio, kisha uhamishie kwenye foleni ya zilizoshindikana. Ila angalia: ukiongeza hesabu ndani ya muamala uleule unaobatilishwa, hesabu nayo inafutika, na ujumbe utaonekana daima kama haujawahi kujaribiwa.

Dhana: Ni salama zaidi kuuacha muamala wazi hadi kazi iishe.

Kwa kazi ya milisekunde chache, sawa. Kwa kazi ya dakika kumi, hapana. Kwenye PostgreSQL safu iliyofutwa haiondoki papo hapo; husubiri usafishaji, na muamala mmoja mrefu unaweza kuzuia safu zilizokufa zisisafishwe. Jedwali la foleni linavimba na kila utoaji unapita juu ya mizoga hiyo.

Kazi ndefu igawe. Muamala mfupi uandike nani ameuchukua ujumbe, kwa namba gani ya zamu (hubadilika kila ujumbe unapochukuliwa upya), na hadi saa ngapi. Kazi ifanyike nje. Kisha muamala mwingine mfupi uufute kwa sharti kwamba namba ya zamu bado ni ile ile. Soma idadi ya safu zilizofutwa. Ikiwa ni 0, zamu yako iliisha na huenda mwingine ameshauchukua, kwa hiyo usiandike matokeo yako.