Rehani si kuuza, ofa si hati: maneno ya nyumba yanayotuponza

Mjomba wangu alikaa miaka minne na nyumba isiyo na paa kwa sababu ya neno moja. Hati anayo, mshahara anao, benki ilikuwa tayari kumkopesha. Lakini akisikia "rehani" anatikisa kichwa: "Ukishaweka rehani, umeshauza."

Simlaumu, maana neno lenyewe lina historia yake. Kwa desturi ya zamani ya pwani, ukiweka shamba la minazi rehani, aliyekukopesha ndiye anayeangua nazi mpaka deni liishe. Mali inatoka mikononi mwako. Picha hiyo ndiyo tunayoingia nayo benki, na huko inatudanganya.

Dhana potofu: Nyumba ikiwekwa rehani si yako tena.

Kwa Tanzania bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 imelimaliza jambo hili: rehani ni dhamana tu, haihamishi milki. Unaendelea kulala humo, unapangisha vyumba na kodi ni yako. Benki inakaa na hati, na rehani inasajiliwa kwa Msajili wa Hati ili usije ukaiuza nyumba kwa mlango wa nyuma.

Ukishindwa kulipa, hawaji kesho yake na dalali. Lazima kwanza wakupe notisi ya maandishi, na sheria inakupa siku 60 za kurekebisha mambo. Wakifika kwenye kuuza, wana wajibu wa kutafuta bei nzuri. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Fedha inayobaki baada ya deni na gharama ni yako. Watu wangapi wamenyamaza wakati nyumba inauzwa kwa bei ya kutupa, wakidhani hawana la kusema! Lakini kinyume chake pia ni kweli: mauzo yasipofika kiasi cha deni, kilichopungua bado unadaiwa.

Dhana potofu: Hati ina jina langu peke yangu, mke wangu hahusiki.

Anahusika. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, awe mke au mume, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inamlinda. Fomu ile ya ridhaa ambayo afisa mikopo huisogeza mezani haraka haraka ni ya kusomwa na wote wawili, nyumbani, kabla ya kwenda kusaini.

Dhana potofu: Muda mrefu wa kulipa ndio nafuu.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo fedha nyingi inapopotea. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi milioni 50, riba asilimia 15 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio, kwa miaka 15. Rejesho ni kama shilingi 700,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, 625,000 kati ya hizo ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa 75,000 tu. Baada ya mwaka mzima umeshalipa milioni 8.4, na deni limeshuka kwa takriban 960,000. Mtu akiona hivyo anasema ameibiwa. Hajaibiwa, riba inahesabiwa kwenye salio, na mwanzoni salio ni kubwa.

Sasa uchukue mkopo huohuo kwa miaka 10. Rejesho linapanda hadi kama 807,000, yaani nyongeza ya shilingi 107,000 kwa mwezi. Lakini jumla utakayolipa inashuka kutoka karibu milioni 126 hadi karibu milioni 97. Milioni 29 zimebaki mfukoni mwako. Mjomba alipoona hesabu hii imeandikwa kwenye karatasi, ndipo alipoacha kubishana kuhusu rehani na kuanza kuuliza maswali ya maana.

Kuna swali jingine ambalo ni lazima uliulize: riba ni ya salio linalopungua, au ni ya mkupuo kwenye mkopo wote? Milioni 10 kwa asilimia 15, miaka miwili, ikihesabiwa kwenye mkopo wote kila mwaka ni riba ya milioni 3. Ikihesabiwa kwenye salio ni kama milioni 1.64. Asilimia ileile, gharama mbili tofauti kabisa. Omba jedwali la marejesho kabla ya kusaini, na usiondoke bila hilo.

Dhana potofu: Nina ofa, kwa hiyo nina hati.

Ofa, kwa jina rasmi barua ya toleo, ni pendekezo lenye masharti na malipo ya kukamilisha. Hati hufuata baadaye, ikisajiliwa. Na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa inaonyesha kwamba mliuziana mbele ya mashahidi; haimgeuzi muuzaji kuwa mmiliki kama hakuwa. Kwa kiwanja chenye hati, lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hapo utaona jina la mwenye milki, rehani kama ipo, na zuio kama limewekwa.

Hata hati yenyewe si ya milele. Ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na wewe unapewa haki ya kuitumia kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Ukinunua, angalia imebaki mingapi.

Dhana potofu: Nikinunua umeme, nimeshalipa kodi ya ardhi.

Inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021 ni kodi ya majengo. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine, inalipwa kila mwaka, na kutoilipa ni kuvunja sharti la milki.

Dhana potofu: Mdhamini ni shahidi tu.

Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu wanaoumia ni watu wema. Shemeji anaomba saini, unampa kwa moyo mweupe. Shahidi anathibitisha kwamba ameona mkataba ukisainiwa. Mdhamini anaahidi kulipa mkopaji asipolipa, na benki inaweza kumdai. Kabla ya kushika kalamu, uliza unadhamini kiasi gani, mpaka lini, na kama mkopo ukiongezwa utaulizwa tena. Na ukiona namba ya kiwanja chako imeandikwa humo, ujue aliyeweka nyumba rehani ni wewe, hata kama hukushika shilingi moja ya mkopo ule.