Uchaguzi wa wakati wa vita: maana yake, na nani hubaki nje ya daftari

Uchaguzi wa wakati wa vita ni uchaguzi mkuu unaofanyika, au uliopaswa kufanyika, wakati nchi inapigana na nchi nyingine au watu wake wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Maneno "uliopaswa kufanyika" nimeyaweka kwa makusudi. Nchi inayoahirisha kura kwa sababu ya mapigano imo ndani ya dhana hii sawa na ile inayopanga masanduku huku mizinga ikilia. Zote mbili zinakabiliwa na jambo lilelile: wananchi waulizwe lini, na nani kati yao ataweza kufika kujibu.

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania jambo hili haliko mbali nasi. Malori yanayopanda Kitonga na kupita Mbeya kwenda Tunduma, mengi yanaelekea Kongo, nchi ambayo imepiga kura zaidi ya mara moja huku mashariki yake kukiwaka moto. Ukilianzisha suala hili darasani Iringa, vijana hugawanyika upesi. Wengine husema vita kwanza, kura baadaye. Wengine husema tarehe iliyo kwenye katiba haiguswi. Kwa maoni yangu pande zote mbili huwa zimeruka jambo zito kuliko tarehe, nalo ni daftari la wapiga kura.

Tubuni nchi ili tuelewane. Tuiite Milimani, na tuipe sura ya huku kwetu. Mji mkuu uko juu kwenye baridi, umezungukwa na mashamba ya chai na viazi. Barabara kuu moja na reli moja zinakwenda mpakani. Chini, mwendo wa saa chache kwa basi, kuna bonde la joto kando ya ziwa, lenye mpunga na kakao. Vita vya Milimani viko bondeni. Juu maduka yako wazi na watoto wanakwenda shule, ila mchele umepanda bei kwa sababu ulikuwa unatoka chini huko. Muda wa rais unakwisha mwezi wa kumi.

Mtu wa mji mkuu haoni kwa nini uchaguzi usifanyike. Sasa tuteremke jimbo la bondeni. Kabla ya vita daftari lake lilikuwa na watu 60,000. Kati yao 45,000 wamekimbilia juu, wamelala kwa ndugu, kwenye madarasa na kwenye mahema. Wengine 9,000 wamo kwenye vijiji vilivyoshikwa na waasi. Waliosalia ni 6,000, wako mjini penye kambi ya jeshi. Hao 6,000 wakipiga kura wote, na mgombea mmoja akapata 4,000, redio itatangaza kwamba ameshinda kwa asilimia 67. Hesabu haina kosa. Lakini kura hizo 4,000 hazifiki asilimia 7 ya daftari, na huyo ndiye atakayekwenda bungeni kuzungumza kwa niaba ya watu wa bondeni kuhusu vita vinavyowaua.

Kwetu Tanzania, kama ilivyo kwingi, mpiga kura hupiga kura katika kituo alichojiandikisha. Wakati wa amani ni kanuni nzuri. Inazuia mtu kupiga mara mbili, na mawakala wa vyama wanawafahamu watu wa kitongoji chao kwa sura. Vita vikija, kanuni hiyohiyo inamwambia aliyepoteza nyumba kwamba na kura yake imekwenda na nyumba. Kwa hiyo Tume ya Uchaguzi ya Milimani inapaswa kuamua, na hakuna uamuzi usio na gharama.

Inaweza kuwaruhusu wakimbizi hao wa ndani wapige kura huko waliko. Hapo watu 45,000 wanaingia kwenye jimbo ambalo lenyewe lina wapiga kura, tuseme, 80,000, na wanaweza kuamua mbunge wa mahali ambapo hawakusudii kukaa. Wenyeji waliowapokea na kugawana nao unga watanung'unika, na siwezi kuwalaumu. Njia ya pili ni kufungua vituo maalumu kambini, ambako mtu wa bondeni anampigia kura mgombea wa bondeni. Hii naiona bora, ila ina kazi nyingi: daftari la jimbo lililokimbiwa lichapishwe upya, aliyeunguliwa na kadi yake atambulishwe kwa mashahidi wanaomjua, mawakala wa vyama vyote waingie kambini bila kuomba ruhusa ya mkuu wa kambi. Na jambo moja ambalo hupuuzwa: yule anayegawa chakula Jumatatu asiwe ndiye anayesimamia sanduku Jumapili. Mama mwenye watoto wanne anayesubiri mgao wa unga hawezi kuwa huru mbele ya mgawaji wake, hata kama hajatishwa kwa neno lolote.

Njia ya tatu ni kuliacha jimbo wazi mpaka kutulie. Kongo imeipitia. Uchaguzi wa rais ulipofanyika tarehe 30 Desemba 2018, maeneo ya Beni, Butembo na Yumbi yaliachwa nje. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotajwa zilikuwa usalama na ugonjwa wa Ebola. Yalipangiwa kupiga kura Machi 2019. Lakini rais mpya aliapishwa Januari 2019, kwa hiyo walipofikiwa, ya urais yalikuwa yamekwisha. Siku ile ya Desemba baadhi ya watu wa Beni walijipangia vituo vyao wenyewe, wakapanga foleni na kupiga kura kwenye makaratasi yao, wakijua haitahesabiwa. Huwa nawaeleza hilo wanaosema watu walio vitani hawana muda wa kura. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 wilaya za Masisi na Rutshuru, Kivu Kaskazini, nazo hazikupiga kura kwa sababu ya mapigano.

Hata hivyo sisemi masanduku yapelekwe popote kwa gharama yoyote. Sierra Leone ilifanya uchaguzi Februari 1996 vita vikiendelea, na waasi wa RUF walikata watu mikono ili kuwazuia wengine wasipige kura. Watu walijitokeza hata hivyo, na Ahmad Tejan Kabbah akashinda katika duru ya pili mwezi uliofuata. Mei 1997 wanajeshi walimpindua. Anayepanga kituo mahali ambapo hawezi kumlinda mpiga kura anapaswa kulifikiria hilo kabla ya kuchapisha karatasi hata moja.

Kundi jingine ni askari. Ndio wanaobeba uzito wa vita, na mara nyingi ndio wako mbali zaidi na vituo vyao. Marekani ilifanya uchaguzi wa rais Novemba 1864 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, majimbo 11 ya kusini yakiwa yamejitenga na hayakuhesabiwa katika matokeo. Rais Abraham Lincoln alipambana na George McClellan, jenerali ambaye Lincoln mwenyewe alikuwa amemwondoa kwenye uongozi wa jeshi. Majimbo mengi ya kaskazini yalibadili sheria ili askari wapige kura kambini. Lincoln alishinda, na kura za askari zilimwegemea kwa wingi kuliko za raia.

Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, askari akiona kamanda wake amesimama mlangoni, atachagua nani?" Jibu ni kwamba kura ya askari inahitaji ulinzi dhidi ya cheo: kamanda akae mbali na kituo, msimamizi awe raia, na kura za kikosi kimoja zichanganywe na nyingine kabla ya kuhesabiwa ili isijulikane kambi ipi ilikwenda wapi. Pia zinahitaji subira. Uingereza ilipiga kura tarehe 5 Julai 1945, Ujerumani ikiwa imeshasalimu amri lakini Japani bado inapigana. Matokeo yalitangazwa tarehe 26 Julai, wiki tatu baadaye, ili kura za askari walio ng'ambo zifike na kuhesabiwa pamoja na nyingine. Winston Churchill, aliyeongoza nchi vitani, alishindwa na Clement Attlee. Wiki tatu bila kutangaza ni muda mrefu, na nchi ilingoja.

Kuhusu kampeni nitasema kwa ufupi. Mikutano ya usiku haipo, redio ziko chini ya uangalizi, barabara zina vizuizi. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni pale mgombea anayesema "tuzungumze na adui" anapokamatwa kama msaliti. Katika nchi iliyo vitani hakuna swali kubwa kuliko vita vyenyewe: viendelee, visimame, kwa masharti gani. Likiondolewa hilo, kilichobaki kwenye karatasi ya kura ni picha na majina.

Tuje kwenye kuahirisha. Uingereza hiyohiyo haikufanya uchaguzi mkuu tangu 1935 hadi 1945. Bunge lilijiongezea muda kwa sheria, mwaka mmoja mmoja, na kila mara likalazimika kurudi na kulijadili upya. Ukraine ina utaratibu tofauti: sheria yake inakataza uchaguzi wakati nchi iko chini ya sheria ya kijeshi, iliyotangazwa Februari 2022 baada ya Urusi kuivamia. Kwa hiyo uchaguzi wa rais uliotarajiwa Machi 2024 haukufanyika, na Bunge lake limekuwa likiiongeza sheria hiyo ya kijeshi kwa vipindi vifupi. Mamilioni ya raia wake wako nchi za nje, na sehemu ya ardhi imeshikwa na adui. Tatizo la daftari la Milimani ni lao kwa ukubwa wa kutisha.

Na sisi? Katiba ya Jamhuri ya Muungano imelizungumzia jambo hili, ingawa wengi hawajaisoma sehemu hiyo. Ibara ya 42, ibara ndogo ya 4, inasema kwamba nchi ikiwa inapigana vita dhidi ya adui na Rais akaona haiwezekani kufanya uchaguzi, Bunge linaweza kupitisha azimio la kuongeza ile miaka mitano ya urais, lakini si zaidi ya miezi sita kila mara. Hatujapata kuihitaji. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978 na kumalizika 1979, katikati ya uchaguzi wa 1975 na ule wa 1980.

Isome vizuri uone ilivyoundwa. Rais peke yake hawezi kujiongezea hata siku moja; anaona, lakini anayeongeza ni Bunge. Miezi sita ikiisha, wabunge wanarudi na kuulizwa tena hadharani. Udhaifu ninaouona ni kwamba haijawekwa idadi ya mara ambazo azimio linaweza kurudiwa, na haimtaki mtu yeyote aeleze amefanya nini katika miezi hiyo kuwezesha kura. Ningependa azimio la pili lisipite bila taarifa ya Tume mezani: waliohama wangapi wameandikishwa upya, kambi ngapi zina vituo, kura za askari zitasafirishwaje, maeneo gani bado hayafikiki na kwa nini. Bunge likiwa na karatasi hiyo mkononi litajua kama linaongeza muda kwa sababu ya adui au kwa sababu hakuna aliyefanya kazi.