Upepo wa tairi, joto na presha: dhana potofu na ukweli

Dhana: Joto likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 40, presha huwa maradufu.

Fomula ya gesi, PV = nRT (P ni presha, V ujazo, n kiasi cha gesi, R namba isiyobadilika, T joto), haikubali nyuzi za Selsiasi. Ongeza 273 upate kelvini: 20 huwa 293, na 40 huwa 313. Hilo ni ongezeko la asilimia 7 hivi. Tena geji husoma tu kile kinachozidi presha ya hewa ya nje. Ikionyesha psi 32 (pauni kwa inchi ya mraba) pwani, ndani ya tairi mna 46.7, maana hewa ya nje ina 14.7. Kwa kuwa ujazo wa tairi haubadiliki sana, piga 46.7 × 313 ÷ 293, upate 49.9. Toa 14.7: geji itasoma 35.2.

Dhana: Tairi likipata moto safarini, lipunguze upepo lisipasuke.

Hii ndiyo ya hatari kuliko zote. Kiwango kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva ni cha tairi lililopoa. Ongezeko la safarini limeshazingatiwa. Tairi la psi 32 kwa nyuzi 20 likifika nyuzi 50 husoma karibu 36.8. Ukilishusha hapo hapo hadi 32, asubuhi likipoa litakuwa na 27.7. Tairi lenye upepo haba hujikunja zaidi kila linapozunguka, ubavu huchemka, nyuzi za ndani huachana na mpira, na hapo ndipo linapopasuka. Pima gari likiwa limesimama angalau saa 3.

Dhana: Nitrojeni haitanuki kwa joto.

Hutanuka kama hewa, ambayo tayari ni nitrojeni kwa asilimia 78. Faida yake ni ukavu: maji kutoka kwenye kompresa (mashine ya kujazia upepo) ambayo maji yake hayamwagwi hugeuka mvuke tairi likipata moto na kupandisha presha kupita hesabu yetu.

Dhana: Geji ya mtungi huonyesha gesi iliyobaki.

Kwa oksijeni ya kuchomelea, ndiyo: kutoka bar 150 hadi 75, joto likiwa lilelile, umetumia karibu nusu. Gesi ya kupikia ni jambo jingine, kwani mtungini imo kama kimiminika. Maadamu kimiminika kipo, presha hufuata zaidi joto kuliko kiasi kilichobaki. Pima mtungi kwenye mizani, kisha toa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma chake.