Ufunguo wa pikapu ukianza kugoma: yanayosemwa na ukweli wake

Pikapu yangu ni Hilux kuukuu ya dizeli. Kazi yake ni kushusha kabichi na karoti kutoka Ngaramtoni hadi soko la Kilombero, jijini Arusha. Kwa zaidi ya mwaka niliiwasha kwa kuutikisa ufunguo: mara juu, mara chini, mara niuvute nje kidogo ndipo ukubali. Kila niliyemweleza alikuwa na neno lake, na mengi kati ya maneno hayo yaliniongezea hasara.

La kwanza: "Gari la zamani ndivyo lilivyo, zoea tu." Hili ndilo baya kuliko yote. Silinda ni kile kipande kinachopokea ufunguo, na ndani yake mna safu ya vibati vidogo vya shaba, kila kimoja na springi yake. Ufunguo wake ukiingia, meno huvipanga vibati vyote visichomoze, ndipo silinda inazunguka. Vibati na meno vikilika, mpangilio huo hupotea. Leo inagoma, kesho inakubali hata ufunguo wa jirani. Nyingine hulika hadi ufunguo ukachomoka injini ikiwa inaunguruma.

Na kusubiri kuna gharama ambayo wengi hawaijui. Kwenye Toyota nyingi za zamani, silinda hushikiliwa na pini ndogo iliyo kwenye tundu ubavuni mwa kitasa. Ili itoke, unazungusha ufunguo hadi alama ya ACC (ile ya kuwasha redio bila injini), unaibonyeza pini kwa kitu chembamba, kisha unavuta ufunguo na silinda inakuja nao. Fundi wangu, mzee mmoja wa mtaa wa Unga Limited, alichomoa kwanza waya hasi wa betri, akafungua kava za usukani kwa bisibisi, akatumia msumari mwembamba. Hakutoboa wala kuvunja kitu. Lakini ufunguo ukishagoma kabisa kufika kwenye ACC, pini ile haibonyezeki, na inabaki kuitoboa kwa drili. Kwa hiyo siku za ufunguo kusumbuasumbua ndizo siku za kubadili, ungali unazunguka.

"Mwagia oili." Nilimwagia, tena si mara moja. Mzee yule alipoitoa silinda aliilaza juu ya kitambaa, akachokonoa kibati kimoja kwa ncha ya sindano. Likatoka tope jeusi, zito kama masizi ya sufuria.

"Kijana wangu, humu ulikuwa unamimina nini?"

"Oili ya injini, mzee."

"Basi umeilisha vumbi."

Vibati viwili vilikuwa vimezama na springi zake hazivirudishi tena. Oili hunata, na vumbi la barabara zetu halihitaji kualikwa. Kinachofaa ni unga mkavu wa grafiti. Ukikosa, kwangua risasi ya penseli, pakaza unga wake kwenye ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa.

"Chonga ufunguo mpya, yataisha." Mchongaji hunakili alichopewa. Ukimpa ufunguo uliolika, atakupa ufunguo mpya wenye ulikaji uleule. Ufunguo wa akiba ambao haujatumika sana ndio wa kunakili, au uchongwe kwa namba yake kama ungali nayo. Visipokuwepo vyote viwili, kitasa cha mlango wa abiria husaidia. Hakiguswi sana, hivyo vibati vyake bado vina vimo vya asili na fundi wa vitasa anaweza kuvisoma.

Wapo wanaodhani gari lisipowaka basi silinda imekufa. Silinda na swichi ya umeme iliyo nyuma yake ni vitu viwili, na huuzwa hata kwa kutenganishwa. Ufunguo ukizunguka vizuri lakini stata iko kimya, tazama betri, waya na swichi ya umeme. Ukikataa kuzunguka, chezesha kwanza usukani kushoto na kulia huku ukiuzungusha taratibu, kwani huenda ni loki ya usukani tu imebanwa na tairi ulizoegesha zikiwa zimekunjwa.

"Toa kitasa, weka batani." Hapa nakataa kabisa. Waya wa stata hupitisha umeme mwingi, na batani ndogo isiyo na rilei (swichi ya kati inayobeba umeme huo mzito) hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Loki ya usukani isipoondolewa ipasavyo inaweza kujifunga ukiwa kwenye kona. Halafu gari linabaki la yeyote mwenye kidole.

Hofu ya kubadili silinda ukaishia kubeba funguo mbili, mmoja wa milango na mwingine wa kuwashia, haina msingi. Fundi wa vitasa hupanga vibati vya silinda mpya vifuate ufunguo wako.

Kuhusu rundo la funguo linaloning'inia, watu husema halina madhara. Uzito ule hutikisika kwenye kila shimo na kukwangua vibati. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliyaita yarudishwe kutengenezwa magari madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi zake za kuwashia zilizunguka kirahisi mno. Mtikisiko au rundo zito liliweza kuzima injini njiani, na mifuko ya hewa isifumuke. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Kasoro ile ilikuwa ya swichi, si ya silinda kulika, lakini nilipoisoma nilitoa funguo za nyumba na za ghala siku hiyohiyo. Wa Hilux sasa unakaa peke yake kwenye kikamba cha katani.